Sanduku la Marehemu na Amana ya Muuzaji

Katito ni soko la njia panda, mahali ambapo barabara itokayo Ahero kuelekea Sondu hugawanyika, mkono mmoja ukashika njia ya Kendu Bay na Homa Bay. Na katika maboma yaliyo nyuma ya maduka yake aghalabu hupatikana sanduku la bati ambalo mzee wa nyumba hakumruhusu mtoto yeyote kuligusa. Ndani yake mna nishani za jeshi la King's African Rifles, kipande, yaani kitambulisho, katika kijaluba chake cha chuma, stakabadhi za kodi, sarafu zenye tundu, na barua za vyama vya siku za ukoloni. Mzee akifariki, wanawe walioko Nairobi humwendea rafiki wa ukoo, mwalimu mstaafu au karani wa zamani, wakamwambia, "Jaduong', wewe ndiwe uliyemjua baba; tusaidie kuviuza vitu hivi."

Heshima hiyo ina mzigo wake, kwa kuwa mnunuzi wa vitu vya kale hutoa fedha zake kwa ajili ya ushahidi uliomo katika kitu, na ushahidi huo, ukiisha kutenganishwa nacho, ni shida kurudi.

Jambo la kwanza basi ni idhini. Sheria ya Mirathi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inamkataza mtu yeyote, katika kifungu cha 45, kuigawa au kuiuza mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa hati ya usimamizi. Na mwenye kuasi hustahili faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Barua ya chifu, ijapokuwa huhitajika ili kuwataja warithi, haimpi mtu ruhusa ya kuuza. Rafiki mwenye busara huomba kwa wasimamizi wa mirathi karatasi yenye saini zao, ikitaja vitu anavyokabidhiwa, ujira wake, na akaunti itakayopokea fedha. Na kama yeye mwenyewe ametamani kitu kimojawapo, na aseme mapema mbele ya wote, amwachie mtu mwingine kukithamini, maana mthamini na mnunuzi wakiwa mtu mmoja, hata mwadilifu hasalimiki na tuhuma.

Baada ya idhini huja daftari. Kila kitu kipewe nambari, kipigwe picha mbele na nyuma, yanakiliwe maandishi yaliyo juu yake, na habari zake ziandikwe kwa kauli ya wazee waliobaki, pamoja na jina la msimulizi na tarehe ya masimulizi. Faida ya kazi hii huonekana katika nishani kuliko mahali pengine. Zile za fedha za vita vya 1914 hadi 1918 zina nambari na jina la askari ukingoni, na kwa jina hilo mtafiti aweza kumfuatia mwenyewe katika kumbukumbu za jeshi. Bali za vita vya 1939 hadi 1945 aghalabu zilitolewa bila jina, hata nyota ya Burma ya mtu aliyepigana katika bonde la Kabaw mwaka wa 1944 haipambanuki na ya jirani yake ila kwa cheti cha kuachishwa jeshi na picha zilizokaa pamoja nayo. Muuzaji ampaye mmoja nyota na mwingine cheti amewauzia wote wawili kitu kisichosimama peke yake. Wala asiisugue nishani au sarafu kwa jivu au limau ili ing'ae, kwani weusi uliotanda juu ya fedha kwa miaka mingi ni dalili ya umri wake, na wakusanyaji hupunguza bei wauonapo umeondolewa.

Katika sarafu, uzee na uhaba ni mambo mawili mbalimbali. Senti kumi ya mwaka wa 1936 ina jina la Mfalme Edward VIII, aliyeacha ufalme mwaka huohuo kabla ya kuvikwa taji, na kisa hicho huwafanya wengi wadhani wameshika hazina, ilhali zilipigwa kwa mamilioni. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka wa 1921 ilikuwa na fedha robo tu, na ile ya 1948 haina fedha kabisa, ingawa simba ni yuleyule. Kipande nacho, ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa shingoni, bila karatasi yake ni kijaluba kitupu. Karatasi ikiwamo, yenye majina ya waajiri na kiasi cha mishahara, ni tarikhi ya maisha ya mtu mmoja.

Vipo pia vitu visivyouzika vivi hivi. Kondo, yaani kilemba cha manyoya ya mbuni, meno ya kiboko na ngozi ya chui huangukia chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013, na asiye na kibali cha KWS, yaani Huduma ya Wanyamapori ya Kenya, hafai kuvipeleka sokoni. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka wa 2006 nayo huzuia kutolewa nchini bila kibali kwa vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Vigango viwili vya Wamijikenda, yaani nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka wafu, vilivyoibwa makwao na kuishia katika makumbusho ya Marekani, vilirudishwa mwaka wa 2007, navyo ni onyo kwamba kitu kilichowekwa kwa ajili ya wafu hakiwi bidhaa kwa sababu tu kimepata mnunuzi.

Kuhusu kumchagua mnunuzi, kielelezo chetu kikubwa ni Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka wa 1966, ambaye, baada ya kukusanya maelfu ya vitabu, barua na kazi za sanaa za Afrika, alikataa maombi ya wageni, akaiuzia Serikali ya Kenya katika miaka ya sabini. Na leo vitu hivyo hutazamwa katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Lakini nyumba yake ya Muthaiga, aliyotaraji iwe taasisi ya elimu ya Afrika, ilikuja kubomolewa. Funzo ni kwamba nia njema ya muuzaji haitoshi: masharti yaandikwe, yaani mkusanyo usivunjwe, jina la mwenyewe litajwe, na wajukuu waruhusiwe kuuona.

Kwa watu wa Katito, Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka wa 1980, yako karibu kuliko mnada wowote wa London, na kumwuliza mtunzaji wake kabla ya kuafikiana na dalali hakumfungi mtu kuuza huko. Pengine bei ya makumbusho itakuwa ndogo, na warithi wenye karo ya kulipa wana haki ya kutaka zaidi. Na watake, kwani waliokwisha kupata idhini na daftari hawana haja ya kukubali bei ya kwanza, na nakala ya daftari hilo, pamoja na picha zake zote, ni mali yao hata baada ya sanduku kuuzwa.