Shule ya Macho (3): Jicho la Kwanza

Wiki iliyopita tulimwacha mwanafunzi wetu wa ubingwa kliniki, akijifunza kutofautisha mtoto wa jicho na presha ya jicho. Kliniki ina subira: akikosea, mwalimu hutazama upya. Leo tunaingia chumba cha upasuaji.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi. Lenzi yake ikiingia ukungu, huo ndio mtoto wa jicho. Njia inayofundishwa sana Afrika Mashariki ni upasuaji wa tundu dogo, usiotegemea mashine ya bei mbaya. Daktari huchonga kijia kwenye weupe wa jicho, upana wa milimita sita au saba, akafungua ganda la mbele la lenzi, akautoa moyo wake mgumu, akasafisha mabaki, kisha akapachika lenzi ya plastiki. (Lenzi hiyo tunadaiwa na mwanafunzi: ndiye aliyemuuliza Harold Ridley, wa hospitali ya St Thomas', London, mbona iliyotolewa hairudishiwi nyingine. Ridley akaipachika ya kwanza mwaka 1949.) Kijia kikichongwa vyema hujifunga chenyewe, kikiharibika, uzi unaitishwa.

Hofu yote iko kwenye ganda la nyuma, jembamba kuliko karatasi ya sigara. Likipasuka, ute wa ndani hufurika mbele. Mgonjwa naye yu macho muda wote, maana ganzi ni ya jicho tu. Anamsikia mwalimu akiomba apishwe kiti.

Basi jicho la kwanza liwe la nani? Kwa miaka mingi lilikuwa la yeyote aliyepangwa asubuhi ile, na aghalabu, naona haya kulisema, alikuwa mtu asiyethubutu kuuliza ni nani atakayeshika kisu. Macho ya mbuzi kutoka machinjioni husaidia, ila hulegea upesi.

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti juu ya wanafunzi 50 wa ubingwa wa macho kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe. Kundi moja lilipelekwa Chuo Kikuu cha Cape Town siku tano, likakata macho ya bandia chini ya hadubini, kosa kwa kosa, bila mtu kuumia. La pili liliendelea na mafunzo ya kawaida. Katika mwaka uliofuata, waliopitia macho ya bandia walipasua wastani wa wagonjwa 21 kila mmoja, wenzao, 8. Ganda la nyuma liliwapasukia mara 8 hivi katika kila 100. Kwa wenzao, karibu 27.

Tofauti ya makosa ilitarajiwa. Ile ya idadi ndiyo iliyonifikirisha, nami naielewa hivi: mwalimu akishaona mkono umetulia, haombi tena kupishwa kiti.