NAKALA YA AKIBA ISIZIBE NJIA YA AMRI

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi, 2021, moto uliteketeza jengo la kompyuta la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa papo hapo walibaki mikono mitupu. Hivyo hapana ubishi: nakala sharti ikae mbali. Lakini ili ifike mbali, hupita njia ile ile ipitishayo amri na taarifa za doria. Hapo ndipo penye tatizo.

Siku hizi seva moja hubeba mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu tu, na kila moja yaweza kunakiliwa nzima hadi kituo cha pili. Na tupige hesabu. Mashine zenye terabaiti 2, zikipita njia ya megabiti 20 kwa sekunde, zitachukua zaidi ya siku 9, usiku na mchana, hata kama hapana mwingine aitumiaye. Ni kama msafara wa malori ulioingia daraja jembamba pasipo askari wa barabarani: gari la wagonjwa hukwama nyuma.

Dawa ni nidhamu. Kwanza, nakala ya awali isafirishwe kwa diski, ikiwa imefungwa kwa msimbo wa siri na kusindikizwa. Pili, baada ya hapo yapelekwe mabadiliko tu. Haba na haba hujaza kibaba. Tatu, nakala iwekewe kikomo mchana, tuseme megabiti 5, na usiku iongezewe. Nne, sauti na amri zipewe haki ya kutangulia.

Hata hivyo, kikomo kina gharama yake. Megabiti 5 hazipitishi zaidi ya gigabaiti 2 na robo kwa saa. Mabadiliko yakizidi hapo, nakala huchelewa, na siku ya maafa kazi ya saa hizo ndiyo itakayopotea. Basi kamanda, wala si fundi peke yake, aamue: twaweza kustahimili kupoteza kazi ya dakika 15, au ya siku nzima?

Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Siku ya namna hiyo si siku ya kuanza kupanga foleni. Wapiganaji, tahadhari kabla ya hatari.