Vénuste Niyongabo: Aliyemwachia mwenzake nafasi, akailetea Burundi dhahabu

Burundi ina medali moja tu ya dhahabu katika historia ya Michezo ya Olimpiki. Aliyeileta ni mwanariadha mstaafu Vénuste Niyongabo, na aliipata katika mbio ambazo hazikuwa zake.

Niyongabo alizaliwa Desemba 9, 1973, huko Vugizo, mkoani Makamba, kusini mwa nchi. Alijijengea jina katika mbio za mita 1,500. Mwaka 1995 alitwaa shaba katika mashindano ya dunia mjini Gothenburg, Sweden, nyuma ya Noureddine Morceli wa Algeria na Hicham El Guerrouj wa Morocco.

Kwa nini alibadili mbio?

Michezo ya Atlanta ya mwaka 1996 ilikuwa ya kwanza kwa Burundi. Mkimbiaji mkongwe Dieudonné Kwizera alikuwa ameikosa ile ya Seoul mwaka 1988, kwa kuwa nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa kimataifa. Ili Kwizera naye aonje Olimpiki, Niyongabo alimwachia nafasi yake ya mita 1,500, akahamia mita 5,000, umbali aliokuwa ameushindania mara chache mno.

Kwizera hakufika fainali, lakini ndoto yake ya miaka mingi ilitimia.

Dhahabu katikati ya vita

Nyumbani hali ilikuwa ya majonzi. Vita vilikuwa vikiendelea tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Julai 25, 1996, Michezo ikiendelea, jeshi lilitwaa madaraka mjini Bujumbura na kumrejesha Pierre Buyoya. Siku sita baadaye, viongozi wa nchi jirani waliokutana Arusha, Tanzania, waliiwekea Burundi vikwazo.

Agosti 3, Niyongabo aliingia uwanjani kwa fainali. Alichomoka kuelekea mwisho wa mbio, huku Paul Bitok wa Kenya akimfukuzia hadi kwenye utepe. Alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 7.96, akimtangulia Bitok kwa sehemu mbili tu za kumi za sekunde. Wimbo wa taifa la Burundi ukapigwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki.

Baada ya Atlanta

Mwaka 1997 alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 29.18, muda wake bora kabisa. Mjini Sydney mwaka 2000 hakufika fainali. Alipostaafu aliishi Italia, na baadaye akajiunga na juhudi za kutumia michezo kupatanisha vijana, zikiwemo za shirika la Peace and Sport.

Burundi ilisubiri miaka 20 kupata medali ya pili: fedha ya Francine Niyonsaba katika mita 800, Rio de Janeiro mwaka 2016. Dhahabu ya pili bado inasubiriwa.