Siku ya Raha Kandokando ya Maziwa ya Singida

Msafiri atokaye Dodoma kuelekea magharibi aghlabu huihesabu nchi ya kati kuwa ni ukame mtupu, wala si wa kulaumiwa, kwa kuwa mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu mwishoni mwa Novemba hata Aprili, na ukishapita msimu huo makorongo hubaki mchanga na mibuyu ikasimama bila jani; lakini mwenye wasaa na masahibu wa kufuatana nao, akipita Bahi penye majaruba ya mpunga, akaupanda ukingo wa Bonde la Ufa hata Manyoni, kisha akashika njia ya kaskazini, atafika Singida, mji ulioko baina ya maziwa mawili, Singida na Kindai, na hapo ataipata tafrija ambayo wengi huifuata mbali sana.

Maporomoko ya maji msituni hapa hayapo. Hayo hutaka mlima mrefu na mvua isiyokatika, kama ilivyo Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, ambako maji ya Sanje huanguka takriban mita 170 katikati ya miti mikubwa. Singida neema yake ni maji yaliyotulia. Mvua ikinyesha, vijito huteremka mabondeni, na kwa vile maziwa haya hayana mto wa kuyatoa maji kwenda baharini, jua ndilo liyapunguzalo. Maji hupaa na chumvi hubaki, mwaka baada ya mwaka, hata wakati wa kiangazi ufuko ukavikwa ukingo mweupe unaovunjika chini ya kiatu.

Chumvi hiyo, ambayo humnyima mkulima maji ya kumwagilia, ndiyo riziki ya heroe, wale ndege wa miguu mirefu na rangi ya waridi, maana katika maji ya namna hiyo huota mwani mdogo usioonekana kwa jicho. Keti kimya juu ya jabali umtazame mmoja: huinamisha shingo hata kichwa kikapinduka, akaingiza mdomo majini juu chini, akayachuja maji kwa ulimi uendao mbele na nyuma bila kukoma; na rangi yake yote hutokana na chakula hicho. Mimi naona saa nzima ya kutazama jambo hilo, pamoja na rafiki ajuaye kunyamaza, ina faida kuliko safari ya mbio ya kuhesabu wanyama.

Majabali yenyewe ni matale, mengine makubwa kupita nyumba, yamepandana kwa namna ya ajabu, na pimbi huota jua juu yake. Adhuhuri kivuli chake chatosha kwa mazungumzo na kwa ugali na kuku wa kienyeji, ambaye sifa yake imefika hata Dar es Salaam.

Atakayekwenda na aende mvua zikiisha, mashamba ya alizeti yakiwa bado yamechanua. Achukue maji ya kunywa, kwani ya ziwani ni ya chumvi. Asiwarushie ndege mawe ili awaone wakiruka. Na chupa na mifuko aliyokwenda nayo arudi nayo mjini.