Yusufu wa Kitabu cha "Peponi"

Wasomaji wetu wote wamjua Yusufu mwana wa Yakobo, aliyeuzwa na nduguze kwa vipande 20 vya fedha. Leo twataka kuwapa habari za Yusufu mwingine, naye ni wa pwani hii, ingawa hakuishi ila kitabuni. Kitabu hicho alikitunga Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, kwa Kiingereza, kikatolewa mwaka 1994. Mtungaji alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021; na mwaka 2022 kikatoka kwa Kiswahili, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis, jina lake Peponi.

Yusufu huyu alikuwa mtoto wa miaka 12. Baba yake, mwenye hoteli katika mji mdogo uliopitiwa na reli ya Wadachi, alidaiwa na tajiri mmoja wa misafara, Aziz, ambaye mtoto alizoea kumwita ami. Siku moja akaambiwa afuatane naye. Mtoto akafurahi, maana atapanda gari la moshi! Hata walipofika pwani, kijana wa dukani, Khalil, akamfumbua macho: huyu si ami yako, ni bwana wako, nawe umewekwa rehani kwa deni la baba yako, kama mimi nilivyowekwa.

Sisi wa Kilwa na Lindi twapaswa kulitazama sana neno hilo. Misafara ya Ziwa Nyasa ilishukia Kilwa Kivinje, na watu wengi mno walipakiwa majahazini pale kabla Sultani Barghash hajakataza biashara ya watumwa baharini mwaka 1873. Askofu Edward Steere alipotoka Lindi mwaka 1876 kwenda Masasi, alifuatana na watu waliokombolewa. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Na mtoto wa rehani hakuhesabiwa mtumwa. "Ameazimwa" tu, na deni halilipwi.

Basi Yusufu akakua. Alikwenda na msafara bara, akaona wapagazi wakifa na bwana wake akinyang'anywa mali. Aliporudi, mke wa tajiri akamtamani. Akakimbia, na kanzu yake ikararuliwa nyuma, kama jirani zetu Waislamu wanavyoisimulia habari ya Yusufu. Lakini twaona kwamba lililomgeuza zaidi ni maneno ya Mzee Hamdani, mtunza bustani. Mzee huyo alipopewa uhuru na bibi yake aliukataa, akisema uhuru haukuwa mali ya bibi hata autoe zawadi. Yusufu hakuridhika. Aliona kwamba mzee, pamoja na maneno yake makuu, angali anamwagilia miti ya mwenye nyumba.

Mwishoni Wadachi na askari wao wakaja kukamata watu. Yusufu akajificha, akaionea haya hofu yake, kisha akatoka mbio kuwafuata askari wale wale. Je, alijipatia uhuru, au alibadili bwana? Sisi hatuwezi kuisifu hatua ile. Ila twamheshimu kwa kuwa ndiyo ya kwanza aliyoichagua mwenyewe.

Walimu wakisome kwanza peke yao, kwani yamo mambo yasiyofaa watoto wadogo. Wakiwasomea vijana wakubwa, wawaulize kwanza habari za yule baba: alimwambia nini mwanawe siku ile ya gari la moshi, na nini alikificha.