Damu ya Kitovu na Mgonjwa Aliyekosa wa Kufanana Naye

Mtoto anapozaliwa mkunga hufunga kitovu na kukikata. Baadaye kondo la nyuma hutoka, nalo huzikwa. Ndani ya kondo hilo na kipande cha kitovu hubaki damu kidogo, isiyojaza kikombe cha chai. Zamani damu hiyo ilitupwa dunia nzima. Siku hizi, katika nchi zenye mitambo ya kuihifadhi, inaponya watu. Tena inawafaa sana watu weusi wanaoishi Marekani na Uingereza. Kwa nini wao?

Kwanza tujue damu inatoka wapi. Ndani ya mifupa yetu mna uboho. Humo mna chembe mama, na chembe hizo ndizo zinazozaa damu yetu kila siku. Mtu akipata saratani ya damu, uboho wake huharibika. Madaktari wanaweza kuua uboho huo mbovu kwa dawa kali, kisha wakamwingizia mgonjwa chembe mama za mtu mwingine kwa njia ya mshipa. Ni kama mkulima anayeng'oa miche yenye ugonjwa na kupanda mingine.

Lakini mwili haupokei mgeni ovyo. Chembe zetu zina alama. Alama hizi si yale makundi ya damu A, B na O unayoyasikia hospitali. Watu wawili wa kundi O wanaweza kupeana damu, na bado alama zao zikawa mbali kabisa. Zikitofautiana sana, chembe zilizopandwa huweza kumshambulia mgonjwa mwenyewe, au mwili wake ukazikataa.

Kila mtu amepata nusu ya alama zake kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ndio wanaotazamwa kwanza. Hata hivyo, kila ndugu ana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kufanana kabisa na mgonjwa.

Kama hakuna ndugu anayefanana naye, madaktari hutafuta katika daftari la watu waliojitolea. Hapa ndipo penye uchungu. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 wenye asili ya Ulaya, 75 wangeweza kupata mtu wa kufanana nao kabisa katika daftari hilo. Kwa Wamarekani weusi hawakufika hata 20. Ugonjwa ni ule ule, hospitali ni ile ile, lakini mmoja anapata na mwingine anakosa.

Wengine husema ni kwa sababu watu weusi hawajitokezi kujiandikisha. Ni kweli waliojiandikisha ni wachache, lakini kuwalaumu peke yao si haki. Binadamu walianzia Afrika, na hapa ndipo walipoishi kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo alama za Waafrika ni za aina nyingi kupita za watu wengine. Halafu ikaja biashara ya utumwa. Watu wa makabila mengi ya Afrika walipelekwa Marekani, wakachanganyika wao kwa wao na pia na Wazungu. Mjukuu wao leo anaweza kuwa na alama ambazo ni shida kuzipata kwa mtu mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto ambaye baba yake ni Mtanzania na mama yake ni Mwingereza.

Sasa turudi kwenye kitovu. Damu ya mtoto mchanga ina chembe mama nyingi, na askari wake wa mwili bado ni wageni, hawajazoea vita. Kwa hiyo si lazima alama zifanane zote. Uchunguzi ule ule wa 2014 ulionyesha kwamba damu ya kitovu iliyopungukiwa alama moja au mbili ingepatikana kwa karibu kila mgonjwa wa chini ya miaka 20, awe wa asili yoyote. Kwa watu wazima ingepatikana kwa zaidi ya 80 kati ya 100.

Kazi hii ilianza Paris, Ufaransa, mwaka 1988. Daktari Eliane Gluckman na wenzake walimtibu mtoto wa kiume kutoka Marekani kwa damu ya kitovu cha dada yake aliyekuwa amezaliwa karibuni. Mwaka 1996 Uingereza nayo ilianzisha benki ya serikali ya damu ya kitovu. Damu huhifadhiwa kwenye baridi kali mno, na inapohitajika ipo tayari.

Mwaka 2017 mwanamke mmoja wa asili ya mchanganyiko alitibiwa saratani ya damu mjini New York kwa damu ya kitovu pamoja na chembe za jamaa yake. Alikuwa pia na virusi vya UKIMWI. Damu ile ilitoka kwa mtoto mwenye maumbile adimu ambayo virusi hivyo havipenyi kwa urahisi. Mwaka 2022 madaktari walieleza kwamba alikuwa ameacha dawa na virusi havikuonekana. Tafadhali usiache dawa zako kwa kusikia habari hii. Matibabu hayo ni ya hatari, na alipewa kwa sababu ya saratani.

Damu ya kitovu ina upungufu wake. Ni kidogo, hivyo mtu mzima mara nyingi huhitaji ya watoto wawili. Pia huchelewa kushika, na katika majuma hayo mgonjwa huweza kushikwa na maradhi mengine. Ndiyo maana siku hizi madaktari wengi hutumia pia uboho wa mzazi au ndugu anayefanana na mgonjwa nusu tu.

Je, mtoto huumia? Hapana. Damu huchukuliwa baada ya kitovu kukatwa, mama akiwa amekubali. Lakini haki ya kwanza ni ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisikatwe kabla ya dakika 1 kupita, ili damu imwingie mtoto na kumkinga na upungufu wa damu. Jambo hili linawahusu wakunga wa kila kijiji.

Hapa Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uboho watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Ukiambiwa ulete ndugu za mgonjwa wapimwe, walete wote. Mweleze daktari ukweli kama ni wa baba mmoja na mama mmoja, au wamechangia mzazi mmoja tu. Hataki kujua siri za nyumba yako, anatafuta alama.