Kunyanyua Vyuma: Tusikate Tamaa Mapema

Kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi mjini tunawaona vijana wakinyanyua vyuma, wengine wakitumia bomba lenye makopo ya saruji pande zote mbili. Wengi huanza kwa ari kubwa, kisha huacha baada ya wiki chache wakisema, "Mbona mwili haubadiliki?"

Kumbe umeanza kubadilika. Katika wiki za mwanzo mishipa ya fahamu hujifunza kuiongoza misuli vizuri zaidi. Nguvu huongezeka kwanza. Misuli hujaa baadaye. Anayetegemea kioo hukata tamaa. Tutumie daftari: tuandike tarehe, uzito na idadi ya mara tulizonyanyua.

Tuchague siku 2 au 3 za wiki, tukipumzika angalau siku 1 katikati, na saa ile ile, kama jioni joto likipungua. Tuanze na uzito tunaoweza kuunyanyua mara 10 bila kupinda mgongo. Siku ya uvivu tufanye japo kidogo, mazoea yasivunjike. Anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu aache mara moja, aende zahanati.

Nanyi wazazi, kijana akisema ameongeza kilo 1, msimcheke. Mpongezeni.